Mwongozo kwa Wanaojitolea Kuchora Reli na Njia za Miguu katika Ramani za Uelekezaji

Ramani ya karatasi husomwa na mtu, na mtu akiona njia ya miguu inakatiza reli mahali pasipo na kivuko atasita na kujiuliza. Ramani ya uelekezaji husomwa kwanza na kompyuta, ambayo haisiti. Ikikuta mistari miwili imeungana kwa nukta moja huchukulia kwamba msafiri anaweza kutoka huku akaingia kule, na ikikuta haijaungana huchukulia kwamba hapapitiki, hata kama kwenye kioo cha simu mistari hiyo inaonekana imegusana kabisa. Ndiyo maana mwongozo huu unatilia mkazo viungo na ruhusa ya kupita kuliko uzuri wa umbo, ingawa umbo nalo lina mahali pake.

Maelekezo haya yanafuata kanuni za OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo data yake hutumiwa na programu kama OsmAnd na Organic Maps. Programu nyingine, kwa mfano Waze, zina wahariri wao wa kujitolea na kanuni zao wenyewe, na kanuni hizo zinaweza kutofautiana sana na hizi kuhusu njia za miguu, kwa kuwa ramani yao inawalenga madereva. Anayejitolea huko asome kwanza kanuni za huko, asihamishe mazoea ya ramani moja kwenda nyingine. Lebo zinazotajwa hapa chini, yaani maneno yanayoambatishwa kwenye mstari au nukta kueleza ni kitu gani, kama railway=rail, huandikwa vivyo hivyo duniani kote, kwa herufi ndogo na bila kubadilishwa, kwa sababu ndizo programu inazozisoma.

Hatua ya kwanza: hakikisha chanzo chako ni halali

Usinakili kutoka ramani nyingine yenye haki miliki, wala usichukue majina ya stesheni au mkondo wa njia kutoka picha za mitaani za kampuni ambayo haijatoa ruhusa. Data ya OpenStreetMap inatolewa chini ya leseni huria ya ODbL tangu mwaka 2012, na kipande kimoja kilichoibwa kinaweza kusababisha kazi ya watu wengi ifutwe pamoja nacho. Vyanzo vinavyokubalika ni yale uliyoyaona na kuyapima mwenyewe, picha za angani ambazo wamiliki wake wameruhusu zitumike (zile zinazotokea ndani ya vihariri, yaani programu za kuchorea ramani, vya iD na JOSM, zikiwemo za Bing na Esri, ni miongoni mwake), pamoja na kumbukumbu za umma zenye leseni inayolingana. Michoro ya shirika la reli haiwi huru kwa kuwa tu imewekwa kwenye tovuti. Inahitaji ruhusa ya maandishi. Jina ulilolisoma kwenye kibao cha stesheni, hata hivyo, unaweza kuliandika bila wasiwasi.

Hatua ya pili: kusanya taarifa uwandani bila kuhatarisha maisha

Usitembee juu ya reli ili kupata mkondo wake. Katika nchi nyingi eneo la hifadhi ya reli haliruhusiwi kuingiwa, na hata pale sheria ilipo kimya, treni ya mizigo iliyo katika mwendo inaweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja ili isimame, wakati mtu aliye mbele yake huenda asiisikie mpaka imekaribia mno. Hakuna taarifa ya ramani inayostahili hatari hiyo, kwani karibu kila kitu kinachohitajika kuhusu reli kinaweza kuonekana kutoka kwenye jukwaa la stesheni, kwenye daraja la waenda kwa miguu, kwenye kivuko halali, au dirishani ukiwa abiria.

Ukirekodi safari yako ndani ya treni, keti karibu na dirisha na uweke simu irekodi nukta kila sekunde moja, kwa sababu treni iendayo kasi hupita makumi ya mita kati ya sekunde moja na nyingine. Bati la behewa na vioo vyenye utando wa metali hudhoofisha mawimbi ya setilaiti, na ndani ya handaki rekodi hukatika kabisa. Usiunganishe ncha mbili za handaki kwa mstari ulionyooka ukadhani reli imepita hapo.

Kwa njia za miguu hakuna kinachozidi kutembea. Simu ya kawaida chini ya anga wazi hukosea kwa takriban mita 5, na chini ya miti mikubwa au kati ya majengo marefu hukosea zaidi, kwa hiyo rekodi moja ni dokezo tu. Tembea kwenda na kurudi, au linganisha rekodi za watu kadhaa, kisha uchore katikati yake. Piga picha za vibao, malango, ngazi na vivuko, lakini usipandishe hadharani picha zenye nyuso za watu au namba za magari. Njia inayoishia katika ua wa nyumba ya mtu, au inayoelekea mahali ambapo wenyewe hawataki pajulikane, inahitaji busara kabla ya kuhitaji lebo.

Hatua ya tatu: sawazisha picha ya angani

Picha za angani mara nyingi zimehama kwa mita kadhaa kutoka mahali pake halisi, na penye milima kuhama huko hubadilika kutoka bonde moja hadi jingine. Kabla ya kuchora, weka juu ya picha rekodi za safari (GPS) zilizopandishwa na watu mbalimbali na utazame kama barabara zilizo pichani zinakaa katikati ya rekodi hizo. Kama hazikai, sogeza picha kwa kutumia kitufe cha kurekebisha usuli, yaani picha ya nyuma. Usisogeze ramani iliyopo ili ilingane na picha. Kosa hili hufanywa sana na wageni wenye bidii, na athari yake ni kwamba mtaa mzima huhamishwa kwenda upande mmoja leo na upande mwingine mwezi ujao, kutegemea nani amefungua picha gani.

Hatua ya nne: chora reli

Utaratibu unaopendekezwa ni mstari mmoja kwa kila njia ya treni. Mahali penye njia mbili sambamba huchorwa mistari miwili yenye lebo ya railway=rail, na stesheni yenye njia sita huchorwa mistari sita. Reli ya mtaani inayoshirikiana na magari hupewa railway=tram, reli ya mjini inayopita zaidi chini ya ardhi hupewa railway=subway, na reli nyepesi railway=light_rail. Umbo la mstari ndilo humwonyesha mtazamaji kama mchoraji anaielewa reli: treni haiwezi kupinda kwa pembe kali, kwa hiyo kona zote ni lazima ziwe pana na laini, na penye kona ongeza nukta za kutosha badala ya kuacha mstari ukatikekatike.

Njia mbili zinapogawana, ziunganishe kwa nukta moja na uipe nukta hiyo railway=switch. Zikikatizana bila treni kuweza kuhama kutoka moja kwenda nyingine, nukta ya makutano hupewa railway=railway_crossing. Njia za kupishania hupewa service=siding, za yadi service=yard, za kuingia kiwandani au bandarini service=spur, na kipande kifupi kinachounganisha njia mbili sambamba service=crossover. Njia kuu zenyewe hazipewi lebo ya service; hupewa usage=main au usage=branch kulingana na umuhimu wake.

Upana kati ya vyuma viwili huandikwa kwa milimita: gauge=1435 kwa upana wa kawaida wa kimataifa, 1067 au 1000 kwa reli nyingi zilizojengwa nyembamba, 1520 katika nchi zilizokuwa Umoja wa Kisovieti, 1676 kwa reli nyingi za India. Usikisie kwa kutazama picha. Tofauti ya milimita 67 kati ya 1067 na 1000 haionekani kutoka angani, na ni afadhali lebo ikosekane kuliko iwe ya uongo. Reli yenye nyaya za umeme juu hupewa electrified=contact_line, na kama unajua kwa hakika volti na marudio ya umeme huo, ongeza voltage na frequency.

Hali ya reli ni jambo ambalo wapenzi wa reli hubishana juu yake kuliko jingine lolote. Reli inayojengwa hupewa railway=construction pamoja na construction=rail. Ambayo haitumiki lakini vyuma na mataruma yake bado vipo hupewa railway=disused, na ile ambayo vyuma vimeng'olewa lakini tuta lake linaonekana waziwazi hupewa railway=abandoned. Reli iliyofutika kabisa, ambayo juu yake pamejengwa nyumba au maduka, haifai kuwa kwenye ramani hii hata kama historia yake inasisimua. Kanuni ya msingi ni kwamba mtu mwingine akifika mahali hapo aweze kuthibitisha ulichochora. Tuta la zamani likigeuzwa kuwa njia ya miguu, mstari huohuo unaweza kubeba highway=path pamoja na railway=abandoned bila mgongano wowote.

Hatua ya tano: shughulikia kila mahali reli inapokutana na njia

Tumia muda wako mwingi hapa. Kila makutano ya reli na barabara au njia ya miguu yako katika hali moja kati ya mbili: ama vinakutana katika usawa mmoja, ama kimoja kinapita juu ya kingine. Vikikutana katika usawa mmoja, ni lazima reli na barabara zishiriki nukta moja, na nukta hiyo ipewe railway=level_crossing kama magari hupita, au railway=crossing kama ni waenda kwa miguu peke yao. Reli ikiwa na njia mbili, nukta ni mbili, moja kwa kila njia. Programu inayomtahadharisha dereva inategemea nukta hizo. Ongeza unachokiona: crossing:barrier=full kwa vizuizi vinavyofunga barabara yote, half kwa vinavyofunga nusu, no pasipo na kizuizi, pamoja na crossing:light kwa taa na crossing:bell kwa kengele.

Kimoja kikipita juu ya kingine, visishiriki nukta hata moja. Kipande kilicho juu hukatwa na kupewa bridge=yes na layer=1 (layer ni tabaka), au kilicho chini hupewa tunnel=yes na layer=-1. Kalvati dogo linalopitisha watoto chini ya tuta la reli linastahili kuchorwa kwa uangalifu huohuo, kwa sababu kwa mtu wa miguu huenda ndilo njia pekee ya kufika upande wa pili bila kuzunguka kilomita nyingi.

Sasa, vipi kuhusu njia za mkato ambazo watu wamejitengenezea wenyewe, zile zinazopita kwenye tundu la ua na kukatiza reli pasiporuhusiwa? Wachoraji wengi huzifuta kwa nia njema. Maoni yangu ni kwamba kufuta hakusaidii: njia inaonekana pichani, na mchoraji mwingine asiyepafahamu ataichora upya bila onyo lolote. Afadhali ichorwe kama ilivyo ardhini, ipewe informal=yes, na kipande kinachokatiza reli kikatwe peke yake na kupewa foot=no. Programu iliyotengenezwa vizuri haitampitisha mtu hapo, na atakayekuja baada yako atajua kwamba mahali hapo palichunguzwa.

Hatua ya sita: chora njia za miguu

Chagua kwanza aina. highway=footway ni njia iliyotengwa kwa waenda kwa miguu, kwa kawaida mjini au bustanini. highway=path ni kijia cha jumla, ambacho kwa msingi programu nyingi huchukulia kwamba baiskeli nazo hupita; kama haziruhusiwi, andika bicycle=no. highway=steps ni ngazi. highway=pedestrian ni mtaa mpana au uwanja usiopitwa na magari. Kosa lenye madhara makubwa kuliko yote ni kukipa kijia lebo ya highway=track au highway=service, kwa kuwa lebo hizo ni za njia za magari, na dereva anayefuata sauti ya simu usiku anaweza kujikuta ameingiza gari mahali ambapo hata kugeuza hawezi.

Baada ya aina huja ruhusa. foot=designated ni njia yenye alama ya kutengwa kwa ajili ya watembeao, foot=permissive ni ile ambayo mwenye ardhi ameiruhusu kwa hiari yake na anaweza kuifunga, foot=private ni ya wenyewe. Ruhusa haitokani na kawaida ya watu kupita wala na chuki ya mkazi asiyetaka wapita njia. Hutokana na sheria, kibao au tamko la mwenye ardhi. Ukikosa uhakika, acha lebo hiyo wazi.

Kisha eleza hali ya njia yenyewe. Lebo ya surface hutaja kama ni lami, changarawe, udongo au mawe, na width hutaja upana kwa mita. Kijia cha mlimani kinahitaji pia trail_visibility, inayosema kama kinaonekana kwa urahisi, na sac_scale, kipimo kilichotokana na madaraja ya ugumu ya Klabu ya Alpine ya Uswisi. Usizidharau lebo hizi mbili. Programu nyingi huchora mstari uleule wa vitone kwa njia ya bustanini na kwa njia inayodai kushika mwamba kwa mikono, na pasipo sac_scale haziwezi kutofautisha hata zikitaka. Kijia kinachofurika msimu wa mvua kipewe seasonal, na mahali kinapovuka mto bila daraja pawekwe ford=yes.

Vizuizi huchorwa kama nukta juu ya mstari: lango ni barrier=gate, nguzo za kuzuia magari ni barrier=bollard, ngazi ndogo ya kuvukia ua ni barrier=stile. Kwa ngazi, ongeza step_count, handrail kama kuna mahali pa kushika, na incline=up au incline=down kwa kufuata mwelekeo ambao mstari ulichorwa. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, kingo za barabara ndizo huamua kama safari itawezekana: kerb=lowered ni ukingo ulioshushwa, kerb=flush uliolingana na barabara, kerb=raised ulioinuka. Sakafu yenye vinundu vya kuwaongoza wasioona hupewa tactile_paving=yes.

Njia ya pembeni ya barabara inaweza kuandikwa kama lebo juu ya barabara yenyewe au kuchorwa kama mstari wake. Ukiamua kuichora peke yake, umejifunga kuchora pia kila kivuko cha kwenda upande wa pili, la sivyo programu itamwambia mtu aende mbali kutafuta pa kuvukia barabara ambayo angeivuka kwa hatua kumi. Kwenye uwanja mpana nako programu nyingi hazijui kukatiza katikati, huzunguka ukingoni. Kama watu hukatiza kweli, chora mistari inayopita ndani ya uwanja na kuunganisha milango yake.

Stesheni ndipo mistari ya aina zote hukutana. Majukwaa huchorwa kwa railway=platform pamoja na public_transport=platform, na kila jukwaa ni lazima liunganishwe na njia ya miguu, ngazi au lifti inayofika hadi barabarani. Stesheni iliyochorwa vizuri lakini isiyo na kiungo kati ya jukwaa na mtaa humfikisha msafiri nyuma ya ukuta, umbali wa mita chache kutoka treni yake. Milango ya kuingilia reli ya chini ya ardhi hupewa railway=subway_entrance, na lebo ya level hutaja ghorofa.

Hatua ya saba: hifadhi kwa vifurushi vidogo na ujaribu ulichochora

Pandisha mabadiliko ya eneo dogo kwa wakati mmoja, na uandike maelezo yanayoeleweka: umeongeza nini, wapi, na umetumia chanzo gani. Maelezo kama "marekebisho" hayamsaidii yeyote. Kabla ya kupandisha kwa JOSM, endesha kikaguzi chake, nacho kitakuonyesha mistari inayokatizana bila nukta, ncha zilizokaribiana bila kuungana, na madaraja yasiyo na layer. Ukitumia iD, soma maonyo yanayojitokeza pembeni, lakini usiyatii bila kufikiri. Onyo la kwamba reli na njia zinakatizana linaweza kutatuliwa kwa kuweka kivuko au kwa kuweka daraja, na kihariri hakijui lipi ndilo lililopo ardhini.

Baada ya data kusasishwa, omba mwelekeo wa safari kwa miguu kwenye tovuti ya OpenStreetMap yenyewe, kutoka upande mmoja wa reli hadi mwingine, kisha urudie kwa gari. Kama mstari wa bluu unazunguka pasipo sababu, kuna kiungo kilichokosekana. Kama unapita pasipopitika, kuna lebo ya ruhusa iliyosahauliwa. Kwa reli, ramani ya OpenRailwayMap huonyesha upana, umeme na mwendo kwa rangi, na kipande chenye rangi tofauti na jirani zake huonekana mara moja. Ramani zilizohifadhiwa ndani ya simu husasishwa kwa ratiba ya kila programu, kwa hiyo usichore upya kitu kwa sababu tu hujakiona kwenye simu yako siku hiyohiyo.

Mtu akibadilisha ulichochora, mwandikie kwanza kupitia kifurushi chake cha mabadiliko na umuulize alichokiona. Huenda alipita hapo baada yako na kukuta lango jipya. Mkishindwa kuelewana, peleka suala kwa jumuiya ya nchi husika kabla ya yeyote kurudisha hali ya awali. Na kwa vivuko vya reli, malango na njia za ruhusa ya hiari, andika lebo ya check_date yenye tarehe uliyopathibitisha, ili anayepanga ziara ya ukaguzi aanze na pale ambapo hapajatazamwa kwa miaka mingi.